Karatasi Yenye Meno

Kanisani kwetu mtu haombi peke yake. Huo ni utaratibu tulioukuta, na waliotuachia wameshalala nyuma ya ukuta wa mashariki, chini ya nyasi. Mlangoni kuna kapu lenye kifuniko. Ukiwa na jambo, unaliandika kwenye kikaratasi bila jina, unakikunja mara nne, unakitumbukiza. Baada ya mahubiri msomaji anafungua kapu na kusoma kimoja kimoja, na kila akimaliza anauliza, "Nani anabeba?" Yeyote aliyeguswa anasimama, anasema, "Ninabeba," anapewa ile karatasi aende nayo nyumbani, aombee wiki nzima. Jumapili inayofuata anairudisha, anaeleza ombi limefikia wapi, kisha karatasi inachomwa kwenye kopo la bati nje. Aliyeandika habebi la kwake. Na ombi likikosa mtu, msomaji mwenyewe analibeba.

Usifikiri huwa ni siri nzito. Tuko watu sitini na kitu. Kuna anayeomba kuku wake aache kula mayai yake mwenyewe. Kuna aliyeomba sauti ya tatu ya kwaya ipate uponyaji, na sauti ya tatu ni wanaume wanne waliokuwa wamekaa palepale wakisikia. Tunacheka, mtu anasimama, maisha yanaendelea. Mimi mwenyewe nilibeba magoti ya mama mkwe wangu miezi mitatu mfululizo, na magoti yakagoma.

Mimi ni fundi cherehani, na watu wananiita Fundi tu. Mume wangu ni karani wa ghala la nafaka na ni katibu wa kanisa, kwa hiyo anaitwa Karani ndani na nje. Ukimuuliza mtu yeyote habari zake atakuambia ni mpole. Ana sauti nzuri, ya chini, ambayo haijawahi kupanda hata siku moja. Ana mashati saba meupe yasiyo na mkunjo. Ninayeyapiga pasi ni mimi, lakini hilo halisemwi.

Alhamisi moja alirudi mapema, saa kumi jioni, akanikuta nashona majoho mapya ya kwaya. Akauliza leo nimempima nani. Nikasema wanakwaya. Akauliza wanaume wangapi. Nikasema wanne, sauti ya tatu yote. Akavuta kigoda, akakaa kando yangu, akaushika mkono wangu wa kushoto kwa adabu kama anataka kunivisha pete.

"Kidole gani kilishika futi?" akauliza.

Nilidhani ni utani, nikamwonyesha. Mjinga mimi, nikamwonyesha.

Akakiweka chini ya sindano na kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, mara moja. Sindano ilishuka katikati ya ukucha ikatokea upande wa pili. Kisha akaipandisha, akaenda kuleta spiriti na pamba, akanifunga bendeji vizuri kuliko nesi.

"Mashine hizi ni za hatari," akasema. "Uwe makini, mke wangu. Bado viko tisa."

Kesho yake habari ilikuwa imeenea kwamba Fundi kajishona. Watu walipita dirishani kunitania. Mmoja akauliza kama nimejitia pindo au mshono wa kawaida, nami nikacheka naye, maana ningefanya nini. Mke wa mchungaji, ambaye naye huimba kwaya, alikuja kuangalia majoho, nikajaribu kumwambia. Nilisema, "Huyu bwana wangu wakati mwingine ananitisha." Akanipiga-piga begani akasema wanaume wote wana siku zao, nimwombee. Nikarudi kwenye kazi. Moyoni nilimtukana, Mungu anisamehe, na majoho yake pia niliyatukana.

Aliyekuja akakaa bila kucheka ni mama mkwe. Yeye ndiye alikuwa fundi kabla yangu. Cherehani ni yake, na hata mkasi wa meno alinipa yeye nilipoolewa, ule unaokata ukingo wa kitambaa kwa vijimeno ili nyuzi zisitoke. Hakuna mwingine mwenye mkasi huo hapa kwetu. Aliitazama bendeji, akauliza, "Kidole gani?" Nikamwambia cha shahada. Akachezea kidole chake mwenyewe, cha shahada cha kushoto, ambacho hakina ukucha tangu nimfahamu. Aliwahi kuniambia ni mashine. Kisha akaaga mapema, akasahau hata kikapu chake.

Jumamosi mchana, Karani akiwa ghalani, niliandika. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwa mdomo, lakini kapu halina macho. Na msomaji wetu, Mzee Miwani, anashikilia karatasi karibu kugusa pua na hawezi kutambua mwandiko hata wa mkono wake. Nilichukua ukurasa mtupu wa daftari langu la vipimo. Niliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama za kwenye mabango ya njiani, ili mtu asijue ni mimi. Niliandika hivi: NINAYEISHI NAYE ANANIUMIZA. ANA SAUTI NZURI, HAKUNA ATAKAYENIAMINI. NAOGOPA. NIOMBEENI NIPATE PA KWENDA. Hilo la sauti ningeweza kuliacha, lakini mdomo wangu haujui kukaa kimya hata ukiandika. Nikaukata ukurasa uwe mdogo kama vikaratasi vya wenzangu, nikakunja mara nne, nikauficha ndani ya kiatu.

Jumapili nilikitumbukiza kikaratasi kapuni kabla ya kengele. Karani alikuwa mbele akipanga vitabu vya nyimbo. Nilikaa benchi la nne upande wa wanawake, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nilivuta pumzi hadi chini.

Mchungaji akasimama, akatusalimu, kisha akasema kwamba Mzee Miwani amepelekwa kutibiwa macho. "Kwa hiyo leo maombi atatusomea Katibu wetu. Sauti hiyo ameirithi," akasema, na watu wazima wakaitikia kwa miguno ya kukubali. Ni kweli. Kabla ya Mzee Miwani, msomaji alikuwa baba mkwe wangu, ambaye alifariki kabla sijaolewa. Wanaomkumbuka husema ng'ombe akipiga kelele malishoni, mzee yule akimsemesha anatulia.

Nikajituliza. Hakuna jina. Herufi ni za bango. Wanawake wanaoumizwa hatukosi humu ndani, niliwaza, na mimi ni mmoja tu. Atasoma, mtu atasimama, kikaratasi kitaenda na mtu mwingine. Nilijiambia hivyo mara tatu au nne.

Kisha kwaya ikainuka kuimba wakiwa na majoho mapya. Mwimbaji aliyekuwa mbele yangu akanyoosha mkono, mkono wa joho ukajikunja, nikauona ukingo wa ndani. Ulikuwa na vijimeno safi, sawasawa, kazi ya mkono wangu. Niliutazama kwa fahari ya kijinga. Halafu nikakumbuka ukurasa wa daftari juu ya meza ya kazi, na mkasi uliokuwa karibu na mkono. Mkono wa fundi haumuulizi mwenyewe uchukue mkasi upi. Unachukua uliopo.

Nilikuwa nimekata ombi langu kwa mkasi wa meno.

Karani amelala na mkasi ule nyumba moja miaka kumi na miwili. Anaujua hata mlio wake. Vikaratasi vya watu wengine vimechanwa kwa mkono au kwa rula, na changu peke yake kina ukingo wa vijimeno pande zote nne. Angekitambua kabla ya kukikunjua.

Nikainuka wakati kwaya bado inaimba, nikaenda mlangoni nikijifanya nimebanwa na kikohozi. Kwenye kapu anakaa mama mmoja tunayemwita Mama Karibu, kwa sababu hukaribisha kila kinachopita, hata mbuzi. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nataka kuongeza ombi.

"Ongeza, Fundi, Mungu hachoki," akasema, akafunua kifuniko.

Nikaingiza mkono wa kulia. Vikaratasi vilikuwa vimejaa, vyote vimekunjwa, nami nikawa napapasa kingo kwa vidole. Laini. Laini. Laini tena. Wa kushoto ungejua kupapasa vizuri zaidi, lakini ulikuwa na bendeji.

"Unachagua kama nyanya," Mama Karibu akasema, akicheka. "Umeweka au unatoa?"

Nikainua macho. Kule mbele, juu ya vichwa vya kwaya, Karani alikuwa ananitazama. Alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la kanisani. Nikatoa mkono mtupu, nikasema nimeweka. Wimbo ukaisha. Mama Karibu akalibeba kapu, akapita nalo katikati ya mabenchi hadi mezani, nami nikarudi mahali pangu.

Sikumbuki mahubiri. Namshukuru Mungu kwamba binti yetu yuko shule ya bweni, hilo ndilo nililoomba muda wote ule, kwamba hayupo, kwamba hatakuwepo nyumbani tukirudi. Maana niliijua njia ya kurudi. Tungetembea pamoja, angenibebea Biblia, angewasalimu watu wote. Angefunga mlango taratibu. Angenitolea kigoda.

Karani akafungua kapu. Alivimwaga vikaratasi juu ya kitambaa cheupe, akavipanga kwa mstari kama anavyopanga stakabadhi za ghala. Vilikuwa kumi na moja. Akaanza. Mtu anaomba mvua. Mtu anaomba mvua isubiri mpaka aezeke. Kanisa likacheka, na yeye akacheka nao, wabebaji wawili wakasimama wakatazamana kama mahasimu. Mtoto wa mtu ana homa isiyoisha. Mtu anataka kusamehe na hawezi. Kila akiuliza nani anabeba, sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye angeyabeba yote mwenyewe kama angeruhusiwa.

Cha saba kilikuwa changu. Kutoka benchi la nne niliviona vijimeno.

Alikikunjua. Akasoma kwa macho. Hakubadilika uso hata kidogo. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Halafu akanitazama. Hakunitazama usoni, alitazama bendeji iliyokuwa mapajani mwangu. Nikaifunika kwa mkono mwingine, na nilipoifunika nilijua nimemjibu.

"Hili limeingia maji," akaliambia kanisa. "Wino umetawanyika, halisomeki. Mungu anajua kilichoandikwa. Nitalibeba mimi mwenyewe."

Watu wakaguna kwa upole. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Karani akalikunja, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, lile shati nililolipiga pasi asubuhi. Nilitaka kusimama. Nasema kweli, nilitaka. Lakini aliyeandika habebi la kwake, na ningesimama wote wangejua ni langu, na wangemwangalia yeye, na yeye angewatazama kwa macho ya huruma, akasema kwa sauti ile kwamba mke wake hajalala vizuri tangu ajiumize. Wangeamini kabla hajamaliza. Nikabaki nimekaa, nikitetemeka mpaka jirani yangu akaniuliza kama nina malaria.

Hapo benchi la kwanza likalia.

Mama mkwe wangu hasimami kanisani. Ni jambo linalojulikana. Magoti yake yalimruhusu kukaa hata wakati wa Injili, miaka na miaka. Sasa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, anajivuta juu kidogo kidogo, na kanisa zima linamsubiri afike.

"Ninabeba," akasema.

"Mama, keti," Karani akasema kwa upole. "Magoti yako."

"Magoti yangu sikukuomba uyabebe."

Wachache wakacheka. Yeye hakucheka.

"Halisomeki, Mama."

"Nimetunga uzi mweusi kwenye sindano kwa taa ya kibatari miaka thelathini. Nitalisoma. Lete."

"Utaratibu ni kwamba msomaji..."

"Utaratibu ni msomaji abebe lisilo na mtu," akasema mama mkwe. "Hili lina mtu."

Karani akamgeukia Mchungaji. Mchungaji wetu si mtu wa kuona mbali, lakini utaratibu anaujua. "Mpe mama, Katibu," akasema. "Amesimama."

Akampa. Kwa muda kidogo wote wawili walikuwa wameshika ile karatasi, mama na mwana, hakuna aliyeachia. Kisha mama mkwe akaivuta. Hakurudi mahali pake. Alitembea kwa fimbo mpaka benchi la nne, watu wakikunja miguu kumpisha, akamwambia jirani yangu, "Sogea." Akakaa kando yangu. Akaishikilia karatasi mbali na macho, urefu wa mkono, akaisoma akichezesha midomo. Alipomaliza aliitia kifuani, ndani ya gauni, akauchukua mkono wangu wenye bendeji. Niligundua kwamba benchi lote linatikisika, na kwamba anayelitikisa si mimi peke yangu.

Karani akasoma vinne vilivyobaki kwa sauti ileile, bila kukosea neno. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Mlangoni alikuwa anawapa watu mikono. Alipotufikia akasema, "Twende nyumbani, mke wangu."

"Anakuja kwangu," mama mkwe akasema. "Magoti yameamka, nahitaji mtu."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka Jumapili. Ndipo mtu anarudisha alichobeba."

Akatabasamu kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia. Tukaondoka. Sikugeuka nyuma hadi tulipofika kwake, na alipofunga mlango aliingiza komeo la chuma, kisha akasogeza kabati mbele yake. Mimi ndiye niliyelisukuma, yeye alielekeza.

Alikaa kitandani akavua viatu. Akanyoosha kidole chake kisicho na ukucha juu ya shuka, karibu na changu chenye bendeji, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

"Baba yake naye aliuliza nimempima nani," akasema.

Nilikuwa nalia, lakini kwa hasira, maana miaka kumi na miwili alikuwa amekaa na jambo lile akinitazama nashona kwenye cherehani ileile.

"Na mimi niliandika," akaendelea. "Nilikata kwa mkasi uleule. Akalikunjua mbele za watu, akasema limeingia maji, halisomeki, atalibeba mwenyewe. Hakusimama mtu. Wote waliangalia viatu. Na huyu wako alikuwa amekaa benchi la mbele, ana miaka tisa, anamtazama baba yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani hakuona," akasema. "Nilidhani mtoto haoni." Kisha akasema kwa sauti ndogo jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mzazi. "Namwogopa, mwanangu. Tangu akiwa na miaka kumi na tano namwogopa."

Tulikaa wiki nzima nyuma ya kabati lile. Kila siku saa kumi na moja jioni Karani alikuja. Hakugonga kwa nguvu. Alisimama mlangoni akasema majoho mawili hayajaisha, kwaya wanauliza. Jumanne alisema amenisamehe. Jumatano alimwambia mama yake kwamba watu wameanza kuuliza kama akili zake ziko sawa, umri umeenda, na kwamba yeye kama mtoto itabidi atafute namna. Majirani waliopita walimsalimu kwa heshima, wakaniona dirishani, wakanishauri nisimwadhibu sana mume mwema hivyo. Ijumaa hakusema kitu. Tulipofungua mlango Jumamosi asubuhi tulikuta pakiti ya sindano za cherehani juu ya kizingiti, imefungwa vizuri kwa karatasi. Nilizihesabu. Zilikuwa tisa.

Usiku huo sikulala, na mama mkwe hakulala. Nilimsikia akirudia maneno ya kikaratasi, moja moja, kama mtoto anayekariri.

Jumapili tulikwenda mapema. Mzee Miwani alikuwa amerudi, jicho moja limefunikwa pamba, jingine linatoa machozi. Karani alikuwa kwenye meza ya katibu pembeni, na daftari la kumbukumbu limefunguliwa, kalamu mkononi, shati jeupe. Sijui alilipiga nani pasi. Lilikuwa na mkunjo mmoja begani, nikautazama mkunjo ule ibada nzima.

Ukafika wakati wa kurudisha. Aliyebeba mvua akasema imenyesha. Aliyebeba mvua isubiri akasema, naam, imenyesha, na watu wakacheka. Mtoto wa homa alikuwa amepona, amekaa mapajani kwa mama yake anatafuna kamba ya kofia. Kisha mama mkwe akasimama. Safari hii nilimshika kiwiko nikasimama naye, kwa sababu asingeweza peke yake, na kwa sababu sikuweza kukaa.

"Nililobeba halijafika popote," akasema, "kwa sababu halikusomwa. Halikuingia maji. Nalisoma."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama," akasema kwa ile sauti.

Mama mkwe alisita. Nilihisi kiwiko chake kikilegea mkononi mwangu, na nikajua sauti ile inamfanya nini, maana ndivyo inavyonifanya mimi. Nikakibana. Akaisogeza karatasi mbali na macho, akasoma neno kwa neno mpaka mwisho, hata lile la sauti nzuri. Alipomaliza hakukaa.

"Aliyeandika ni huyu," akasema. "Anayeumiza nimemzaa mimi."

Mchungaji alifungua mdomo akaufunga. Mke wake aliliangalia joho alilovaa, kisha akauangalia mkono wangu. Karani alikuwa akimtazama kila mtu, mmoja baada ya mwingine, kwa yale macho ya huruma, na niliona vichwa vikiinama kila macho yale yalipopita. Viatu. Benchi baada ya benchi, watu wanaangalia viatu.

Mzee Miwani akalifuta jicho lake moja. Hajui kufanya kitu nje ya utaratibu yule mzee, na siku hiyo nilimpenda kwa hilo.

"Ombi limesomwa," akasema. "Nani anabeba?"

Nilishikilia kidole cha mama mkwe, kile kisicho na ukucha. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika sita. Nilimwona Karani akianza kutabasamu.

Nyuma yetu, upande wa mlangoni, benchi likalia, mtu anasimama. Sikugeuka kuangalia ni nani. Niliogopa akikutana na macho yangu ataketi tena.